Gasketi ya elfu sitini na tano

SEHEMU YA 1



Leo sizungumzii kunyonyesha wala homa za usiku. Nazungumzia gari. Najua kuna mtu ataguna, "nesi kaishiwa mada." Nivumilieni. Hadithi hii ina watoto wangu wawili ndani yake, na ina kosa ambalo kwa miezi kadhaa nilikuwa namtupia Baba Neema wakati lilikuwa langu.

Tunaishi Kizota, upande wa barabara ya Singida. Mama yangu yuko Manyoni, mzima, ila presha inamsumbua, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili tatu lazima twende tukamwone. Ndiyo maana tukanunua gari. Mimi nilitaka IST. Baba Neema alitaka Subaru Forester yenye tabo, mtumba wa Japani, na kwa kuwa yeye ndiye anayeendesha, akashinda. Sikununa sana. Ni gari zuri, watoto wanakaa kwa nafasi nyuma, na ukikanyaga mafuta unalisikia linavyoitika.

Kwa wasiojua: tabo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ikizunguka, inaisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingevuta yenyewe. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, kwa hiyo kwenye mlima faida ya tabo unaiona kabisa. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Na joto jingi.

Sasa gasketi. Wote mnaijua, ila hamjui kama mnaijua. Chukua presha kuka yako ya maharage. Ule mpira wa duara kwenye mfuniko ukichoka, au ukinunua wa mtaani usiokaa sawasawa, mvuke unavuja pembeni, presha haipandi, na maharage yanakuwa magumu mpaka jioni. Huo mpira ndiyo gasketi. Hata kituoni kwetu, ile otoklevu ya kuulia vijidudu kwenye vifaa vya kuzalishia, inafika nyuzi 121 na shinikizo la kama psi 15, na mlango wake una gasketi. Ikianza kuvuja tunasimamisha mashine. Hakuna anayebishana wala kusema "si inafungika?"

Kwenye gari, gasketi ya hedi inakaa katikati ya vipande viwili vikubwa vya injini, bloku na hedi. Injini ya Subaru imelala, pistoni zinapiga ubavuni, kwa hiyo hedi ziko mbili, kulia na kushoto, na gasketi mbili. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa petroli, maji ya kupoza injini, na oili. Kwenye gari la tabo moto ule unasukuma kwa nguvu zaidi. Na zipo gasketi nyingine ndogo kwenye tabo yenyewe, ambako moshi wa petroli unaweza kupita nyuzi 800. Hizo ndogo tutarudi kwao Sehemu ya 4. Zikumbukeni.

Mwezi wa tisa mwaka jana gari likaanza kupandisha joto. Maji yanapungua kwenye rejeta na chini hakuna hata tone. Fundi akalifungua, akasema gasketi za hedi zimekufa. Baba Neema alikuwa safarini, kwa hiyo simu ya dukani nikaipokea mimi, nikiwa zamu.

"Mama, zipo za laki tatu na kumi, na zipo za elfu sitini na tano. Zote zinaingia."

Nikauliza tofauti yake nini. Akasema, "Hizo za ghali ni jina tu."

Jamani, mwezi ule tulikuwa na harusi ya mdogo wangu. Sare ya kitenge, mchango, nauli. Nikapiga hesabu palepale kwenye korido: nikichukua ya bei ndogo ninabaki na laki mbili na arobaini na tano. Nikasema weka ya sitini na tano. Sikumpigia Baba Neema. Aliporudi nikamwambia fundi ndiye aliyechagua.

SEHEMU YA 2

Wiki ya saba baada ya matengenezo tukaenda Manyoni. Mimi, Baba Neema, Neema wa miaka sita na Baraka ambaye hakuwa na mwaka bado. Bahi tulipita vizuri. Kintinku vizuri. Tulipoanza kuupanda mlima wa Saranda, Baba Neema akazima kiyoyozi bila kusema kitu. Mwanamume akizima kiyoyozi saa saba mchana, mwezi wa kumi na moja, ujue kuna jambo. Nikachungulia mshale wa joto. Ulikuwa umepita katikati na bado unapanda.

Tukasimama pembeni. Mvuke unatoka chini ya boneti kama sufuria ya ubwabwa. Malori yanapita karibu kiasi kwamba gari linatikisika. Nikawatoa watoto, nikawapeleka mbali na barabara chini ya mti ambao kivuli chake hakikutosha hata mbuzi. Nilipogeuka nikaona Baba Neema amezungushia fulana mkononi, anausogelea mfuniko wa rejeta.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mume wangu.

Nimeshamsafisha kijana aliyefungua rejeta ya moto. Ngozi ya uso, shingo, kifua. Maji ya rejeta yamebanwa kwa presha, kwa hiyo yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegeza mfuniko presha inaondoka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke, na vyote vinakurukia. Fulana haizuii chochote. Zima injini, kaa mbali, subiri mpaka rejeta iwe ya kushikika kwa mkono mtupu. Hata kama ni saa nzima, hata kama watoto wanalia. Na ikitokea mtu ameungua, mwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, vua saa na pete kabla hajavimba, mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Dawa ya meno, yai, unga na asali viacheni jikoni.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Maji ya kunywa yaliisha. Baraka alikuwa na pempasi moja imebaki. Lori moja la mahindi likasimama, dereva akatupa dumu la maji na kumshauri Baba Neema aendeshe taratibu kurudi chini Kintinku badala ya kuendelea na mlima. Sijui jina lake, Mungu amjalie. Gari lililala Kintinku, sisi tukamalizia kwa basi, na bibi yao akatupokea saa tatu usiku bila hata kuuliza, akatupa ugali wa uwele na mlenda.

Usiku ule Baba Neema akasema, "Huyo fundi nitamfuata." Nikakaa kimya.

SEHEMU YA 3

Gari likavutwa mpaka Dodoma. Safari hii tukampelekea mzee mmoja ambaye shemeji yangu anamwamini. Mzee hana maneno mengi. Hakufungua injini kwanza. Alichukua kichupa chenye dawa ya bluu, akakiweka juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Dawa ikageuka njano. Akasema moshi wa injini umeingia kwenye maji. Nikacheka mwenyewe, maana ilikuwa kama kipimo chetu cha malaria: unasubiri rangi, unapata jibu, ndipo unatibu.

Alipofungua akaniita niangalie, labda kwa sababu nilikuwa nauliza maswali mengi. Gasketi yangu ya sitini na tano ilikuwa ya malighafi ngumu kama karatasi, imebanwa na bati jembamba, na kwenye ukingo wa tundu moja ilikuwa imeungua na kumeguka. Injini ya tabo ya aina ile, akasema, inataka gasketi ya mabati ya chuma yaliyolaliana, maana inavumilia msukumo ule. Yangu matundu yalilingana, boliti zilipita. Zote zinaingia.

Lakini hakuishia hapo, na hapa nataka akina baba wasome vizuri. Aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukapita chini ya rula. Hedi imepinda kwa joto la mwanzo, na fundi wa kwanza hakuipeleka kusawazishwa kwenye mashine, aliipiga msasa kwa mkono na kujazia gundi ya silikoni. Boliti aliziweka zile zile na kuzikaza kwa kuhisi. Injini hii kila hedi ina boliti sita, na zinakazwa kwa mpangilio: unakaza, unalegeza, unakaza tena kwa vipimo na nyuzi, kwa spana inayopima. Mzee akaniambia kitu ambacho sikukitegemea: "Hata ungeniletea gasketi ya kiwandani kabisa, juu ya hedi hii ingekufa. Hii ya chuma ndiyo inataka uso laini kuliko zote."

Nikamuuliza basi tukanunue ya kampuni yenyewe ya Subaru? Akasema si lazima. Akataja watengenezaji kama Elring na Victor Reinz wa Ujerumani, ambao gasketi zao zinaenda kwenye viwanda vya magari na pia zinauzwa madukani kwa boksi lao. Hizo ni mbadala, si feki.

Hapo nikaelewa kwa lugha yangu. Kila siku nawaelezea wamama kwamba dawa ya jeneriki si dawa feki. Paracetamol ya bei nafuu iliyosajiliwa na TMDA inashusha homa sawa na ile ya boksi la kupendeza. Feki ni ile isiyojulikana imetoka wapi, haina namba ya toleo, haina wa kumuuliza. Mimi nesi nisingempa mwanangu kidonge kutoka boksi jeupe lisilo na jina la kiwanda. Lakini gasketi yangu ilitoka kwenye boksi jeupe lililoandikwa "Subaru" tu, na sikuuliza hata swali la pili. Bidhaa bandia madukani zina chombo chake pia, Tume ya Ushindani, FCC, ila mimi risiti sikuwa nayo, boksi lilishatupwa, ningepeleka nini?

Na tusizitukuze mno zile za kiwandani. Mwaka 2004 Subaru walikuwa na programu Marekani kwa injini zao za 2.5 zisizo na tabo, kuziongezea dawa maalum kwenye maji ya kupoza kwa sababu gasketi za hedi zilikuwa zinavujisha. Gasketi hizo zilikuwa za kampuni yenyewe! Mafundi wengi waliozichoka huchukua gasketi ya chuma ya injini ya tabo na kuiweka kwenye hiyo isiyo na tabo. Sisi tulifanya kinyume, tukachukua kitu dhaifu tukakipeleka penye kazi ngumu.

Bei ya mzee: kushusha injini, mashine, gasketi, boliti mpya, kulanti badala ya maji ya bomba, na thamostati ambayo fundi wa kwanza aliitupa akisema nchi ya joto haiihitaji. (Injini ni kama mtoto njiti, inataka joto lake lile lile, lisizidi wala lisipungue.) Jumla milioni moja na laki moja na themanini. Nilikopa kwenye kikoba. Usiku wa siku ile nikamwambia Baba Neema ukweli kuhusu ile simu ya korido. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Kile kitenge kiko wapi?" Nikakileta. Akakitazama, akasema, "Ghali." Basi, yakaisha.

SEHEMU YA 4

Sehemu hii niliiahirisha mara mbili.

Wakati wa kufunga injini, mzee alikuwa amesafiri msibani. Kijana wake akanipigia: gasketi ndogo ya kati ya tabo na ekzosi imekatika, mpya ni elfu arobaini, ila anaweza kuikata. Wengi mmeona wanavyokata: karatasi ya gasketi inawekwa juu ya chuma, inagongwa gongwa na nyundo ndogo pembezoni mpaka umbo litoke. Kwa pampu ya maji mafundi wameishi hivyo miaka mingi. Nilikuwa wodini, mama mmoja anasukuma, nimechoka na deni. Nikasema sawa, kata.

Yaani baada ya yote yale. Kitu kidogo tu, nikasema.

Gari likawa zuri. Joto liko sawa. Asubuhi likiwashwa kuna mlio, tiki tiki tiki, likipata moto unapungua. Ndani kuna harufu kidogo tukiwa kwenye foleni au tukisubiri mtu huku injini inaunguruma. Madirisha tunafunga, mnalijua vumbi letu la Dodoma na ule upepo. Feni ya hewa tunawasha.

Neema akaanza kulalamika kichwa. Tukienda kwa bibi, njiani analala usingizi mzito, anaamka anatapika. Nikapima malaria, hana. Nikarudia, hana. Nikasema ni safari, watoto wengine gari linawasumbua. Mimi mwenyewe kichwa kinagonga, nikasema ni zamu za usiku. Siku moja Baraka hakutaka kuamka kunyonya tulipofika Manyoni. Alikuwa amelegea, si ule usingizi wake. Nina kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni, nikamwekea: 98. Nikapumua. Nikasema mtoto mzima.

Bibi yake ndiye aliyesema. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua hata kichwa. "Hawa watoto wakija kwangu wanapona bila dawa. Mnawalisha nini huko?"

Mikono yangu ikawa baridi. Wote tunaumwa kwa pamoja, na tukitoka kwenye gari tunapona. Hilo nimelifundisha mimi mwenyewe kwa wamama wanaolala na jiko la mkaa chumbani! Gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, yenyewe haina harufu. Tulichokuwa tunakinusa ni moshi mwingine unaosafiri nayo. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na watoto inawapata mapema kwa sababu wanapumua haraka. Kwa mjamzito inamfikia na mtoto tumboni. Na kile kibanio cha kidoleni hakijui kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Kinaonyesha 98 na mtoto anaendelea kulegea. Hilo nilisomeshwa darasani. Nililisahau kwa wanangu.

Kipimo chenyewe cha damu kituoni kwetu hatuna, na nilipokumbuka watoto walikuwa wameshapata hewa safi usiku mzima, kwa hiyo sina karatasi ya kuthibitisha. Nina kile alichotuonyesha mzee tuliporudi, madirisha manne wazi njia nzima, vumbi mpaka kwenye meno. Aliinua boneti, akaonyesha masizi meusi yamezunguka maungio ya tabo na ekzosi kama mtu kapaka wanja. Karatasi ya kijana ilikuwa imeungua yote, imebaki majivu. Kwenye gari hili tabo iko nyuma ya injini, karibu kabisa na mahali feni inapovutia hewa ya kuingia ndani. Na moshi unaovuja pale haujafika bado kwenye masega, kile kichujio kinachopunguza sumu. Tulikuwa tunawavutisha watoto moshi mbichi.

Mzee hakumfokea kijana mbele yangu. Alimwuliza tu, "Umeweka karatasi kwenye moto?" Kijana akaniangalia mimi. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia akate."

Gasketi mpya ya chuma, elfu arobaini. Ilifungwa kwa saa moja na nusu.

SEHEMU YA 5

Fupi, maana mmechoka na mimi nina zamu.

Mnaoniuliza ninunue wapi, sitaji duka. Siku hizi naomba boksi kabla ya bei. Nasoma jina la mtengenezaji na namba ya spea, nampigia picha mzee alinganishe na namba ya injini, nachukua risiti, na boksi naliweka kabatini pamoja na kadi za kliniki. Kama gasketi ni ya hedi, nauliza hedi itapimwa na nani na kwa kifaa gani, kabla sijauliza gasketi ya kampuni gani. Fundi akikasirika kwa swali hilo, naondoka.

Ukisikia tiki tiki asubuhi, ukaona masizi kwenye maungio, au ukanusa moshi ndani, fungua madirisha na usiwapakie watoto mpaka liangaliwe. Wote mkipata kichwa na kichefuchefu safarini, simameni, tokeni nje. Mtoto akiwa amelegea au haamki vizuri, hospitali moja kwa moja, na mwambie daktari neno "moshi wa gari" kabla hajaanza kufikiria malaria. Usikubali kibanio cha kidoleni kikutulize kama kilivyonituliza mimi.

Kikoba nimebakiza marejesho mawili. Jumamosi tulienda Manyoni, tukaupanda Saranda na mshale wa joto haukusogea, Neema akiimba nyimbo za shule njia nzima mpaka Baba yake akaomba anyamaze kidogo. Bibi alimpokea Baraka, akamgeuza geuza kama anakagua kuku wa mnadani, akasema, "Leo yuko vizuri."

Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo, tuliishia surua-rubella ya pili. Baraka anatimiza miezi 18 siku ya Alhamisi.